Ndege Mwenye Betri

Tulimwacha Bingwa amesimama ndani ya gari, kidole kimegandia simu iliyomo mfukoni, mdomo wazi kama mlango wa duka lisilo na wateja. Kichaka kilikuwa kimemjibu.

Kama ndiyo kwanza unatufuatilia leo, usihangaike, utatukuta palepale. Bingwa ni mwongoza wageni katika hifadhi kubwa kupita kiasi, hifadhi ambayo ukiizunguka yote kwa gari unaweza kurudi nyumbani ukakuta mtoto uliyemwacha anatambaa sasa anakuuliza wewe ni nani. Jina la Bingwa alijipa mwenyewe. Alilirudia mpaka watu wakachoka kubisha. Ana kofia yenye unyoya, ana kizibao chenye mifuko mingi kuliko akili ya mvaaji, na ana sifa moja iliyomfikisha mbali: mgeni akitembea naye, ndege adimu hakosi kusikika.

Siri ya sifa hiyo ni spika ndogo, ukubwa wa kipande cha sabuni, ambayo huifunga kwa waya katikati ya kichaka kabla wageni hawajamaliza chai. Akibonyeza simu mfukoni, kichaka kinaimba. Wageni wanafumba macho kwa raha na kumshukuru Mungu aliyeumba viumbe. Mungu huyohuyo anamtazama Bingwa, wala hafumbi macho.

Aliyeiona spika hiyo ikifungwa ni dereva wake. Dereva ni mwanamke, mdogo wa mke wa Bingwa, tumbo moja, na ndiyo maana alinyamaza. Shemeji ndiye aliyemwingiza kazini, na haikupita siku bila kumkumbusha. Mwezi ujao Dereva anatarajia kukabidhiwa kitambulisho cha kuongoza wageni wake mwenyewe. Amekitafuta kwa kuosha matope ya magari ya watu, kwa kusoma jioni macho yakijifumba, na kwa sala. Neno moja baya la shemeji, na kitambulisho hakipo tena.

Basi, kichaka kimejibu. Twende.

"Mheshimiwa," Bingwa alinong'ona, "umesikia? Amejibu!"

Mheshimiwa ni Jaji mstaafu, mpenzi wa ndege, aliyekuja na mkewe kumtafuta kurumbiza wa paji jekundu. Katika chama chao cha watazama ndege, ukimsikia ndege ni sawa na kumwona. Jaji alikuwa amesikia wengi wiki hiyo. Hakuwa ameona hata mmoja, na hakuona ajabu yoyote.

"Si ndiyo kawaida yake?" Jaji aliuliza.

"Kuimba ndiyo kawaida yake. Kujibu ndiyo mara ya kwanza!"

Jamani, mtu huyu hakungoja. Alibonyeza simu. Spika ikaimba upande wa huku. Upande wa kule, kitu kikaitikia kwa sauti tamu zaidi, na mkia wa sauti ukatetemeka mwishoni. Machozi yakamlenga Bingwa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi, alidhani amekaribiana na ndege.

"Tushuke," alisema.

"Shemeji, hapa haturuhusiwi kushuka," Dereva alimwambia. "Nyasi ni ndefu."

"Wewe shika usukani wako. Nani bingwa hapa?"

"Wewe, shemeji."

"Basi."

Jaji alishuka na darubini shingoni. Mkewe naye akafungua mlango.

"Na wewe unakwenda kumwona ndege, mke wangu?" Jaji aliuliza kwa furaha.

"Ndege gani? Mimi nilikuja kuona simba, mnanizungusha na miluzi. Nina haja yangu kichakani, basi."

Bingwa na Jaji wakalala kifudifudi. Wakaanza kutambaa. Mtu aliyewahi kuamua kesi za mauaji alikuwa anasukuma tumbo lake kwenye nyasi kama mtoto anayetafuta mpira chini ya kitanda, na mbele yake unyoya wa kofia unanesanesa. Kila baada ya kitambo Bingwa alitia mkono mfukoni. Spika inaimba. Kule kunaitikia. Wanasonga.

Dereva alisimama juu ya kiti, akachungulia kwa tundu la paa la gari. Kutoka pale aliona pande zote mbili za kichaka. Na alichokiona upande wa pili kilimfanya azibe mdomo kwa mikono miwili.

Kulikuwa na kundi jingine. Nao walikuwa wanatambaa!

Mbele yao alikuwa Mluzi, mwongozaji wa kambi ya jirani. Mluzi hana spika. Mluzi ana midomo, na huitumia kuiga ndege mpaka ndege wenyewe wanaona haya. Alikuwa ameichongoa kama mtu anayepuliza uji wa moto, macho yametoka, anaimba kurumbiza. Spika ya Bingwa inamjibu. Mluzi naye machozi yanamlenga.

"Ee Mungu," Dereva aliomba, "nisaidie nisicheke."

Mungu hakumsaidia.

Vichwa viwili vilitokeza kwenye nyasi kwa wakati mmoja. Pua kwa pua.

"Shh!" alisema Bingwa. "Utamfukuza!"

"Wewe ndiye utakayemfukuza!" alisema Mluzi. "Nimemfuata tangu asubuhi!"

"Wa kwangu huyo! Ananijibu mimi!"

"Ananijibu mimi! Msikilize!" Mluzi akachongoa midomo, akaimba.

Bingwa alibaki anamtazama. Aliitazama ile midomo. Aliisikiliza ile sauti, na mkia wake unaotetemeka mwishoni. Taratibu, kama maji machafu yanavyopanda kwenye sinki lililoziba, akaanza kuelewa.

Hakupata nafasi ya kuelewa mpaka mwisho. Kwenye kichaka, matawi yakasukumwa, akatokea mke wa Jaji anajirekebisha nguo. Mkononi alikuwa amebeba kitu kinachoning'inia kwenye waya. Kile kitu kilikuwa kinaimba.

"Ndege wenu huyu hapa," alisema. "Ana betri."

Hakuna aliyecheka. Kundi la Mluzi lilikuwa na kibali cha kutembea kwa miguu, na anayetembea kwa miguu humu hutembea na askari wa hifadhi. Askari huyo alisimama kutoka kwenye nyasi, bunduki begani, redio kifuani, majani magotini, uso umekunjamana. Ni aibu kubwa kwa mtu mwenye bunduki kutambaa kuifuata spika.

"Lete," alimwambia mke wa Jaji. Akaigeuzageuza. "Mnajua huu ni msimu wa kutaga? Ndege akisikia mwenzake wa uongo, anaacha mayai yake aende akapigane na hewa. Mayai yanapoa. Sheria iko wazi. Mwenye kitu hiki haingii tena hifadhi hii, kwa gari wala kwa miguu, mpaka anakufa. Ni ya nani?"

Jaji alikuwa amekaa kwenye nyasi, kama aliyepigwa. "Kwa hiyo yule wa jana," alimuuliza Bingwa, "aliyeimba kule mtoni... na yule wa juzi?"

"Betri, mume wangu," alisema mkewe. "Wote betri."

"Nimeuliza, ni ya nani?" askari alirudia.

Bingwa alisimama. Akajipangusa magoti. Akaiweka kofia sawa. Msomaji, kama bado ulikuwa na chembe ya huruma kwa mtu huyu, itumie kwa jambo jingine.

"Afande," alisema kwa huzuni ya mfiwa, "ni ya dereva wangu."

"Dereva yupi?"

"Yule pale garini. Nimemwonya, amenichosha. Ni shemeji yangu, nimemshika mkono mwenyewe kumleta kazini, lakini siwezi kumficha. Mimi ni mtu wa sheria."

"Wewe dereva! Shuka!"

Dereva alishuka. Wakati askari anakwenda kumkabili, Bingwa alizunguka nyuma ya gari akiwa na simu sikioni. "Mke wangu, kumeharibika," aliongea haraka. "Ongea na mdogo wako. Sasa hivi! Simu yake huizima akiwa anaendesha, tumia redio. Mwambie akubali." Kisha akarudi, akasimama karibu na Dereva, akamnong'oneza kwa pembe ya mdomo.

"Kubali tu, shemeji. Mengine tutayamaliza nyumbani."

"Nyumbani wapi? Nikifungiwa hifadhi, nitaendesha nini? Kitanda?"

"Tutakutafutia kitu. Mimi sijawahi kukutupa."

"Hujawahi. Leo ndiyo unanitupa."

"Dada," askari alisema, na sauti yake haikuwa mbaya, "nakuuliza mara moja. Hii ni yako?"

Dereva alifungua mdomo. Ndipo redio ya gari ilipokwaruza.

Mke wa Bingwa, dada yake Dereva, ndiye mwenye kukaa kwenye redio ya kambi. Kazi hiyo ameifanya mpaka anaweza kuifanya usingizini. Kuna chaneli ya kambi, ambayo ni ya mambo ya kambi: chai imeisha, gari limepasuka tairi. Na kuna chaneli ya hifadhi nzima: magari yote, mageti yote, askari wote, ofisi ya mkuu. Kubadilisha ni kugeuza kitufe. Lakini mtu akishapigiwa simu kama ile, mkono husahau.

"Gari la pili, gari la pili. Mdogo wangu, unanisikia?"

Sauti ilitoka garini. Sauti hiyohiyo, neno kwa neno, ilitoka kifuani kwa askari.

"Mdogo wangu, sina muda wa kuzunguka. Nakuomba kwa jina la marehemu mama. Sema hiyo spika ni yako. Wewe huna mume, huna mtoto, ukifukuzwa hapa utapata kazi kokote. Shemeji yako akifukuzwa, mimi nitakwenda wapi na watoto? Nani atamchukua? Hajui ndege, hajui gari, hajui hata kubandika maji jikoni! Anajua ile spika tu! Sema ni yako, mdogo wangu, na mimi nitakuombea mpaka nife."

Akaachia kitufe.

Kisha redio ikaongea kwa sauti nyingine. "Gari la nne hapa. Tumekupata vizuri. Spika gani?"

"Geti kuu hapa. Tafadhali rudia hapo kwenye kutojua ndege."

"Gari la saba. Ni Bingwa huyo? Wageni wangu wanauliza kama ni Bingwa."

Dereva aliingiza mkono dirishani, akachukua maiki. Alikuwa analia na hakujua.

"Dada. Watu wanakusikia."

"Watu gani?"

"Hifadhi nzima."

"Mungu wangu," redio ilisema, ikakatika.

Jaji alisimama. Ujaji wote ulikuwa umemrudia usoni. "Afande, nadhani shauri limekwisha."

"Halijaisha, mheshimiwa," askari alijibu. "Mwanamke analia redioni, huo ni msiba, si ushahidi. Spika imekutwa kwenye safari ya gari hili. Ama mwenyewe akiri kwa mdomo wake, ama naandika jina la wote wawili, mwongozaji na dereva. Mkuu wa hifadhi ataamua. Na mkuu wetu hana tabia ya kuchambua, anafungia wote."

Dereva alihisi kitambulisho kikiondoka kifuani kabla hakijavaliwa. "Shemeji," alisema. "Umesikia. Ukisema kweli, unafungiwa wewe. Ukinyamaza, tunafungiwa wote, na dada anabaki na sisi wawili wa kulisha. Sema."

Akageuka.

Bingwa hakuwepo.

"Alisema anakwenda kuokota kofia," Mluzi alisema. "Lakini kofia alikuwa nayo kichwani."

Kwenye kichaka ndipo ilipotoka sauti ambayo haikuwa ya spika wala ya midomo. Ilikuwa pumzi. Pumzi moja nzito, ya pua pana, ya mnyama aliyeamshwa. Ikafuata sauti ya matawi yanayovunjika, na juu yake, nyembamba kama ya mbuzi, sauti ya Bingwa.

"Mama weee!"

"Nyati!" askari alipiga kelele. "Garini wote! Garini!"

Hakuna aliyetambaa safari hii. Mluzi na wageni wake, Jaji na mkewe, wote waliingia katika gari la Dereva kwa milango yote na kwa dirisha moja. Askari aliingia wa mwisho, akakaa mbele, bunduki mapajani.

"Utampiga?" Jaji alihema.

"Nani?"

"Nyati!"

"Mheshimiwa, huyo nyati yuko nyumbani kwake, hajakosea kitu. Siwezi kumuua mnyama wa watu kwa ajili ya mwongo." Akamgeukia Dereva. "Zunguka kichaka. Taratibu."

Dereva alizunguka. Gari liliyumba kwenye mashimo, wageni wakalaliana, mke wa Jaji akiwa juu ya Mluzi na hana habari. Walipofika upande wa pili, wakamwona.

Kulikuwa na mti mmoja wa miiba, mwembamba. Juu yake, miguu imekumbatia shina, suruali imepasuka pasipofaa, alikuwepo Bingwa. Chini yake nyati dume alikuwa amesimama juu ya ile kofia, ametulia, anatafuna. Alionekana kama mtu mwenye siku nzima.

"Shemeji!" Bingwa alilia. "Shemeji wangu mpenzi! Sogeza gari hapa chini, nitue juu ya paa!"

Ilikuwa kazi rahisi. Nyati akiona gari linakuja kwa ngurumo huwa anarudi nyuma kidogo, na kidogo ndicho kilichohitajika. Dereva aliingiza gia. Gari likasogea. Likasimama.

"Mbona umesimama?" Bingwa aliita. "Bado!"

"Shemeji, ile spika ni ya nani?"

"Hivi sasa?"

"Hivi sasa."

"Nyati, shemeji! Nyati!"

"Nyati hana haraka. Mwangalie."

Mke wa Jaji alikuwa ametwaa darubini ya mumewe. Kwa wiki nzima hakuigusa. Sasa aliikazia machoni, akaielekeza juu ya mti. "Sasa hii," alisema kwa utulivu, "ndiyo safari."

"Tawi linalia, shemeji! Una roho ya mnyama! Hata kanisani unakwenda bure!"

"Ndiyo maana nakuuliza bila kukutukana. Mungu ananisikia. Na hawa pia watakusikia." Dereva alichukua maiki, akabonyeza kitufe, akainyoosha nje ya dirisha mpaka waya wake ukakakamaa. "Hifadhi nzima inakusikiliza, shemeji. Dada yangu naye. Sema jina la mwenye spika, nije nikuchukue."

Wote mle garini walisogea madirishani. Hata askari alitoa kalamu.

Bingwa alimtazama nyati. Alilitazama tawi. Mtu mwingine yeyote, akiwa kati ya pembe na mbingu, angesema neno moja fupi: yangu. Angeshuka na aibu yake, akaomba radhi, akaanza upya, maana hakuna aibu ambayo Mungu hawezi kuifuta. Nilitamani aseme hivyo. Nawaambia ukweli, nilitamani.

"Si yangu!" Bingwa alipiga kelele mpaka nyati akainua kichwa. "Mnataka kweli? Ni ya mke wangu! Yeye ndiye aliyeinunua! Yeye ndiye aliyenifundisha kuifunga! Mimi sikutaka! Mfungieni yeye!"

Dereva alishusha maiki. Kitufe kikaachiwa. Askari akaandika jina moja tu, la aliyekiri kwamba ndiye aliyeifunga.

Redio haikusema kitu. Gari la nne halikuuliza. Geti kuu halikuomba kurudiwa. Hifadhi yote, na ukubwa wake wote, ilikuwa imekaa kimya ikimngojea mwanamke mmoja aliyekuwa peke yake katika chumba cha redio, mwanamke ambaye muda mfupi uliopita alikuwa tayari kumtoa mdogo wake kafara kwa ajili ya mtu huyu.

Redio ikakwaruza. Sauti iliyotoka haikuwa na kilio tena.

"Gari la pili. Mdogo wangu."

"Nakusikia, dada."

"Bado yuko juu ya mti?"

"Bado yuko."

"Na nyati?"

"Yuko chini yake."

"Mwache hukohuko," dada yake alisema. "Mimi nakuja mwenyewe."

"Shemeji!" Bingwa aliita juu. "Amesemaje? Mke wangu amesemaje?"

Dereva alirudisha maiki mahali pake. Akainamisha kichwa, akamwomba Mungu amsamehe. Kisha akanyoosha mkono, akazima injini.